Betri ya Bi Hana na Chumba cha Baba

Kilifi,
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Nakushika miguu, kisha naibusu mikono yako yote miwili. Natumai barua hii itakukuta mzima, na ule mguu wa kulia umepoa kidogo kwa mafuta niliyokutumia. Vipi kifua cha mjukuu wako? Mwanaisha ameshapata nguvu? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Wa moyo sitasema uongo.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Lakini kwenye simu mimi na wewe hatuliwezi jambo hili. Nikianza tu, wewe unasema, "Haya mwanangu, tuyaache," nami nashukuru kwamba tumeyaacha, basi tunaulizana habari za mvua na bei ya samaki mpaka salio linakwisha. Kwa hiyo nimekaa nikaandika. Mwanaisha akusomee polepole, na akifika mahali pazito asiruke. Nimeifungua shajara yangu hapa mezani ili nisichanganye kilichotangulia na kilichofuata. Unajua tabia yangu tangu niko shule, siku hainipiti bila kuandika, hata ile isiyo na neno.

Jambo lenyewe ni chumba cha baba. Uliniomba, kwa upole wako ule, nikutumie ufunguo. Ulisema nguo zake zimekaa sana, zitoke ziwe sadaka, na kwamba shemeji Athumani anaihitaji ile betri iliyo chini ya kitanda kwa ajili ya mashua. Nikakujibu, "Mama, ningojee nije." Ukaniombea dua, ukakata simu. Leo nataka nikueleze yaliyonipata hapa kazini, kisha nikupe jibu jingine.

Unajua kwamba naangalia ploti ya mama mmoja wa Kizungu, Bi Hana, ng'ambo ya daraja. Nafagia, namwagilia miti, nafungua geti. Kitu ambacho sijawahi kukueleza vizuri ni gari lake. Ni gari-nyumba. Mbele lina usukani kama basi dogo, nyuma lina kitanda, jiko la gesi, sinki na friji ndogo. Yeye na mumewe, Bwana Luka, walizunguka nalo Kenya nzima walipostaafu. Bwana Luka alifariki kabla sijaanza kazi hapa, sikuwahi kumwona.

Siku ya kwanza Bi Hana alinipeleka kwenye banda la makuti linapokaa gari hilo. Kiswahili anakijua, amekaa huku miaka mingi. Akaniambia, "Omari, hapa una kazi mbili. Betri ya injini isife. Na gari lisisogee."

"Lisisogee kwenda wapi?"

"Lisisogee. Hata kwenda kuoshwa pale getini. Hata gurudumu lisizunguke."

Nikadhani anaogopa wezi. Kila jioni alikuwa akija mwenyewe, anapanda kiti cha dereva, anazungusha ufunguo nusu mpaka taa za dashibodi ziwake, anaangalia, anazima, anashuka. Nikadhani anapima betri kama nimeiangalia vizuri. Mtu akifikiri anapimwa hujitahidi, nami nikajitahidi.

Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini nilikuwa nikiwasha injini, naiacha ingurume kidogo, nazima. Usiku naona taa za ndani zinawaka vizuri, friji inafanya kazi, kuna sola juu ya paa, basi nasema betri iko salama. Asubuhi moja nikawasha, likatoa sauti ya mtu mwenye pumu, likanyamaza. Nikamkimbilia fundi wa umeme wa magari, kijana wa Ganze anaitwa Karisa, ana karakana yake karibu na soko.

Karisa alifungua boneti, akapima, akanitazama. "We Omari, huko kwenu kisiwani gari mnaliona kwenye picha tu, sivyo?"

"Punda wetu hawahitaji fundi," nikamwambia.

Akacheka sana. Kisha akanieleza kwamba gari la namna hii lina betri mbili. Moja ni ya nyumba, ndiyo inayowasha taa na friji na kuvuta maji. Nyingine ni ya injini. Sola ya juu inalisha ile ya nyumba peke yake, kwa hiyo taa za ndani zinaweza kuwaka kama harusini huku betri ya injini inakata roho. Saa ya dashibodi, kengele ya wezi, vyote vinaionja betri ya injini usiku na mchana hata gari likiwa limesimama.

"Na kuwasha kwangu kila Ijumaa?"

"Dakika kumi? Kuwasha tu kunakula kingi kuliko unachorudisha. Ni kama kule kwetu umtume mtoto maji ya mbali kwa kikombe kimoja. Akirudi ameshayanywa njiani. Liendeshe, litembee mwendo wa saa nzima, ndipo litashiba."

"Haliruhusiwi kusogea."

"Basi ugonjwa wako ni mwingine," akasema, akafunga boneti.

Akanitafutia chaja ndogo, ya kuachwa imechomekwa kwenye stima siku zote. Inalisha betri kidogo kidogo, ikishiba inapumzika yenyewe. Tukapitisha waya kutoka nyumbani kwa Bi Hana mpaka bandani. Nikawa natazama kitaa chake cha kijani kila asubuhi na kila jioni, nikafurahi kama mtu anayelea mtoto asiyelia.

Ikaenda hivyo mpaka mvua za juzi. Mama, mvua ilipiga huku si mchezo. Nguzo ya stima ikaanguka barabarani, tukakaa siku baada ya siku bila umeme. Kitaa cha kijani kikazimika. Bi Hana alikuwa amekwenda Mombasa kwa daktari wa macho, amelala huko. Karisa naye alikuwa amekwenda kwao Ganze kupalilia mahindi, maana huko mvua ikinyesha hakuna mtu anayebaki mjini. Nikamwogopea Bi Hana. Nikasema, atarudi, atazungusha ufunguo, atakuta giza.

Ndipo nikafanya kama nilivyofundishwa nyumbani.

Unakumbuka baba akirudi baharini. Samaki walishushwa na watu wengine, lakini betri aliibeba yeye mwenyewe begani, juu ya gunia lililokunjwa, na akifika uani hakuna ruhusa ya kumsemesha kwanza. Ataiweka juu ya tofali. Atavimwagia vichwa vyake maji ya mtungi, si ya kisima, kwa sababu cha kwetu kina chumvi. Atavipangusa kwa ile shuka kuukuu, atavipaka grisi, ataiunga na sola. Alikuwa hakubali kabisa betri ilale chomboni. Watu wakimcheka kwamba anaitunza kuliko wewe, na wewe ukijibu kutoka jikoni, "Mimi sina maji ya asidi, ndiyo maana!" Nilikuwa nikimshikia kibuyu. Kazi hiyo naijua kama Alhamdu.

Basi nikachukua spana, nikafungua vichwa, nikaitoa ile betri. Nzito kuliko ya baba. Nikaibeba begani juu ya gunia mpaka dukani kwa jirani mwenye jenereta, nikailipia, ikalala huko ikichajiwa. Kesho yake nikaiosha vichwa kwa maji safi, nikavipangusa, nikapaka grisi, nikairudisha. Injini ikawaka mara moja. Mama, tangu baba afariki sikuwahi kujisikia vizuri kama asubuhi ile. Nilisema moyoni, angekuwepo angeona.

Bi Hana akarudi jioni. Nikamngojea bandani na sifa zangu. Akapanda, akazungusha ufunguo nusu, taa zote zikawaka, kali, safi. Akainama kutazama. Akakaa vile vile ameinama.

"Umefanya nini, Omari?"

Nikamweleza yote, na fahari juu yake. Nikamweleza mpaka maji na grisi.

Hakupaza sauti. Alionyesha kwa kidole chini ya dashibodi, mahali pa kihesabu kidogo cha kilomita, kile kinachohesabu safari moja moja. Kilikuwa sifuri. Saa nayo ilikuwa inapepesa kama jicho lililoingia mchanga.

"Hapa palikuwa na elfu moja mia nane themanini na moja," akasema.

"Ni nini hizo, Bi Hana?"

"Samburu. Kwenda na kurudi." Akazungusha ufunguo, akazima. "Luka alikuwa anakirudisha sifuri hapo getini kila tukianza safari. Tukirudi anasoma kwa sauti. Siku hiyo alisoma, akasema, kesho twende Malindi tukale samaki, zitimie elfu mbili, ndipo niandike daftarini. Usiku moyo wake ukasimama."

Kumbe kila jioni alikuwa haji kupima betri. Kumbe ndiyo maana gari lisisogee hata gurudumu moja, na ndiyo maana betri isife, kwa sababu ile namba inakaa katika kumbukumbu ya gari maadamu betri imeungwa. Nilipofungua vile vichwa, niliifuta. Karisa aliporudi alishika kichwa. Alisema mafundi huunga betri nyingine pembeni kwanza ndipo watoe ile ya mwanzo. Akaniuliza kwa nini sikuiacha tu mahali pake. Kwetu haiachwi.

Bi Hana hakunifukuza. Hilo lilinitesa zaidi. Siku zilizofuata hakuja bandani. Nilikuwa nikimwona barazani na kikombe chake, anaangalia upande mwingine. Mimi nafagia mahali nilipokwisha kufagia. Mwishowe nikamwendea, nikasimama chini ya ngazi.

"Bi Hana, najua nilichokufanyia."

"Hujui," akasema.

"Najua. Mimi pia nina chumba nimekifunga."

Akanitazama mara ya kwanza tangu siku ile. Nikamweleza. Nilimwambia jinsi shemeji Athumani alivyonipigia alfajiri, nikapanda basi, na kwenye vizuizi vya njiani tukishushwa na kukaguliwa kila pahali, na jinsi simu ilivyolia tena nikiwa Witu, shemeji akasema, "Tumekwisha kumstiri, Omari, usiumie na haraka." Nilimwambia maji yalikuwa yamekupwa, boti haziondoki, nikalala Mokowe, nikafika kwetu Faza siku ya pili nikakuta kaburi limeshakauka juu. Watu wote walikuwa wamembeba isipokuwa mimi. Kilichobaki kwangu kilikuwa chumba tu, na harufu yake, na kikoi chake juu ya kamba. Ndiyo maana baada ya khitma nilikifunga, nikaondoka na ufunguo shingoni. Nilifikiri kama hakijaguswa, basi bado kuna kitu sijachelewa.

Bi Hana alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo sikulitazamia.

"Na mama yako analala wapi?"

"Kwa dada yangu, chumbani kwake. Nyumba ni moja."

"Una hakika?"

Nikasema ndiyo. Lakini jioni ile nikampigia Mwanaisha, na haya unayakumbuka maana ulikuwepo.

"Mama analala wapi siku hizi?"

"Kwa nini waniuliza leo?"

"Nijibu, Mwanaisha."

"Ukumbini. Tangu nijifungue chumba hakitutoshi. Ametandika mkeka hapo mlangoni."

Nikakusikia nyuma yake, "Mwanaisha! Nimekukataza usimwambie!" Kisha ukachukua simu ukaniambia, "Mwanangu, mimi napenda upepo wa mlangoni."

Mama, napajua pale mlangoni. Napajua saruji yake ilivyo, na mbu wa jioni, na watu wanaopita alfajiri kwenda kuteka maji wakikuruka miguu. Na mguu wako ule. Kitanda chako mwenyewe kiko hatua chache, nyuma ya mlango niliofunga mimi, kimetandikwa shuka ya mtu ambaye hataamka tena. Nawe hukunilaumu. Nilisema uningojee, ukaningojea chini.

Usiku ule katika shajara sikuandika kitu. Nimeangalia sasa hivi, ukurasa una tarehe peke yake.

Siku ya tatu Bi Hana akaniita. Alikuwa amevaa viatu vya kutoka. "Mwite Karisa aje aendeshe," akasema. "Sasa iko sifuri. Twende Malindi."

Tukaenda watatu. Karisa kwenye usukani, Bi Hana kando yake, mimi nyuma nimeshika meza isilie. Gari lililala muda mrefu, lilitoa vumbi na mchwa kutoka sehemu ambazo hatukuzijua. Karisa akaanza mizaha yake, "Omari, shika vizuri, hili si punda," Bi Hana akatabasamu kidogo. Malindi tulikaa kwenye hoteli ya kawaida karibu na soko. Bi Hana aliagiza samaki wa kupaka kwa watu wanne. Sahani ya nne ilikaa mpaka ikapoa. Mimi na Karisa hatukuigusa wala hatukuulizana. Alipomaliza alimwambia mhudumu amfungie, na mlangoni akampa mzee mmoja aliyekuwa ameketi na bakora yake.

Tuliporudi, Karisa alisimamisha gari getini, mahali alipokuwa akisimamisha Bwana Luka. Bi Hana akavaa miwani, akainama.

"Mia moja na kumi na nane," akasoma kwa sauti. Akapiga hesabu kwa vidole juu ya goti. "Elfu moja mia tisa tisini na tisa. Imepungua moja." Halafu akacheka, mama, akacheka kweli, huku machozi yanamshuka. "Angenizungusha mpaka kituo cha mafuta, ili itimie! Namjua! Angenizungusha!"

Karisa akamwuliza kama azunguke. Akakataa kwa kichwa. Akanyoosha mkono mwenyewe, akabonyeza, ikarudi sifuri. Asubuhi yake akatoa begi la nguo za Bwana Luka. Viatu vimemkaa Karisa barabara. Gari sasa linasogea, kila wiki Karisa analitembeza mpaka Junju na kurudi, na betri haina haja yangu tena, ingawa chaja nimeiacha ilipo.

Basi jibu langu ni hili. Ufunguo umo ndani ya bahasha, nimeufunga katika kitambaa usilie njiani. Atakuletea mtu wa Kizingitini anayesafiri Jumanne. Fungua dirisha kwanza, kwa maana vumbi litakuwa jingi. Nguo zote toa. Nilikuwa nataka kukuomba uniwekee kile kikoi, nimeiandika sentensi hiyo na kuikata mara mbili. Kitoe pia. Kimkute mtu atakayekivaa. Mimi nitakuja Idi, inshallah, nilale ukumbini.

Nisalimie ami yangu aliyemwosha baba, mwambie mkono wake siusahau. Nisalimie maalimu aliyekaa kaburini akimsomea baada ya wengine kuondoka. Nisalimie bi mkubwa wa nyumba ya mbele aliyekupikia uji siku zote za eda, na Mwanaisha mwenye mdomo usiofungwa, namshukuru kwa mdomo huo. Mjukuu wako umbusu kisogoni.

Na shemeji Athumani mwambie betri ni yake. Naogopa ataikuta imekufa. Karisa anasema iliyokaa mwaka mzima bila kulishwa huwa jiwe. Mwaka wote huu nimeamka asubuhi nikitazama betri ya watu isife, na ya baba nilikuwa nimeifungia gizani ife polepole. Aijaribu hata hivyo, aiweke kwenye sola siku mbili tatu. Ikikataa nitatuma nyingine. Namwomba jambo moja tu, nalo si kwa ajili yangu: ikipona, akirudi baharini asiilaze chomboni. Aibebe nyumbani, uioshe wewe vichwa kwa maji ya mtungi. Yeye hajui kiasi cha grisi.

Usiku wa leo, mama, ukishafagia, lala kitandani kwako.

Mwanao aliyekuweka chini bila kujua,
Omari